5 GHz kwa feni tu ndani ya joto la Dar? Jibu kwa mwenye i7-7700K

Swali lenyewe limekuja hivi: "Kaka habari za kazi. Nipo Mbagala, naediti video za harusi. Nimepata mashine yuzdi ina i7-7700K, madabodi ya Z270, RAM ya GB 16, na ile hitisinki ya Cooler Master Hyper 212 EVO yenye feni moja. Fundi mmoja ananiambia niipandishe hadi 5 GHz, eti nabonyeza kitu kimoja tu kwenye BIOS imeisha. Mwingine ananiambia bila kupoza kwa maji nitaiunguza ndani ya wiki. Nani mkweli? Sina AC na chumba kina joto balaa. Alafu nikiipandisha kazi itaisha mapema kiasi gani?"

Nzuri mdogo wangu. Hao mafundi wako kila mmoja kashika nusu ya ukweli, nusu nyingine kaongezea chumvi. Prosesa haitaungua ndani ya wiki, hiyo 7700K ina kinga yake yenyewe, ikifika nyuzi 100 inajipunguza spidi, na joto likiendelea kupanda inazima mashine kabisa. Nimekaa na hizi mashine miaka mingi na prosesa iliyokufa kwa joto peke yake sijaiona hata moja, madabodi zilizokufa nimeziona kibao. Ila huyo wa kubonyeza kitu kimoja ndo wa kumuogopa zaidi, na nitakwambia kwanini huko mbele.

Kwanza tuelewane ovakloki, yani kuipandisha prosesa juu ya spidi ya kiwandani, ni nini maana watu wanaiongelea kama uchawi. Prosesa yako ina saa ya msingi ya 100 MHz, alafu kuna namba inazidishwa nayo, hiyo watu wanaiita maltiplaya au resho. 44 mara 100 ni 4.4 GHz, na hiyo ndo spidi ya 7700K kori zote 4 (injini nne zilizomo ndani yake) zikifanya kazi pamoja ukiiacha ilivyotoka kiwandani. 4.5 iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kori moja tu. Ukiweka 48 unapata 4.8, basi. Zamani haikua rahisi hivi, mwaka 1998 wazee wetu wa fani walikua wanaichukua Celeron 300A, maltiplaya yake imefungwa kwenye 4.5, wanapandisha basi (ndo hiyo saa ya msingi) kutoka 66 kwenda 100 na prosesa ya 300 MHz inakua ya 450 bila kuongeza hata senti. Siku hizi Intel wanafungua maltiplaya kwenye zile zenye herufi K tu, na hapo inatakiwa uwe na bodi ya Z, kama hiyo Z270 yako. Wewe unavyo vyote viwili. Nasema hivi kwa sababu wengine watasoma hapa wana zile kompyuta za ofisi, Optiplex na EliteDesk za mtumba kutoka Uingereza zenye i5-6500, jamani hizo hazipandishiki, msihangaike nazo.

Sasa sikiliza hapa maana ndo penyewe. Kupandisha spidi siyo tatizo. Tatizo ni kwamba kila ukipanda spidi prosesa inadai volteji zaidi ili isijichanganye, na joto linafuata spidi mara volteji, mara volteji tena. Yani volteji inahesabiwa mara mbili. Chukua kalamu tufanye hesabu ya prosesa ya kawaida, siyo ile ya bahati wala ya mkosi. Tuseme kwa 4.4 inatosheka na volti 1.18. Kwa 4.8 inataka kama 1.28. Kwa 5.0 inataka kama 1.38. Kutoka 4.4 kwenda 4.8 spidi imeongezeka asilimia 9, joto limeongezeka asilimia 28. Kutoka hapo 4.8 kwenda 5.0 umeongeza asilimia 4 tu ya spidi, joto limepanda tena asilimia 21 juu ya lile ulilokwisha ongeza. Ukijumlisha safari nzima kutoka 4.4 mpaka 5.0 ni joto asilimia 55 zaidi kwa spidi asilimia kama 14. Unaona inavyokwenda? Mwanzo unanunua kwa bei ya jumla, mwisho unauziwa rejareja na muuzaji ameshajua una shida.

Na feni haitengenezi baridi. Hitisinki inafanya kazi moja, inatoa joto kwenye prosesa inalikabidhi kwa hewa ya chumba, kwaiyo haiwezi kushuka chini ya joto la chumba hata ufunge feni kumi. Ndo maana hizi video za Wazungu ukiangalia mtu kakaa chumba cha nyuzi 21 anakuonyesha 7700K ipo 5 GHz kwa feni na inacheka, wewe upo Mbagala mwezi wa pili chumba kipo 31 au 32, hizo nyuzi 10 umeanza nazo deni kabla hujawasha mashine. Ukitaka kujua utafika wapi usiangalie joto kama namba moja, angalia limepanda kiasi gani juu ya chumba. Mfano chumba 31, mashine ikiwa kwenye mzigo mzito inasoma 74, maana yake hitisinki yako inaacha nyuzi 43 juu ya chumba. Sasa zidisha. Kwa 4.8 ni 43 mara 1.28, hiyo ni 55, jumlisha 31 unapata 86. Kwa 5.0 ni 43 mara 1.55, kama 67, jumlisha 31 ni 98. Nyuzi 98 na kikomo ni 100! Hapo siku umeme ukirudi na chumba kimefungwa tangu asubuhi umekwisha, prosesa inaanza kujipunguza yenyewe na unajikuta unarenda (unatoa video iliyokamilika) kwa spidi ndogo kuliko kabla hujaigusa. Lakini ukiweka 4.7 kwa volti 1.24, joto linaongezeka asilimia 18 tu, unakua kwenye 82. Hapo panaishika.

Kwaiyo jibu langu kabla hata ya maelezo ya jinsi ya kufanya, kwa chumba chako bila AC, lenga 4.7. Ukija kupata AC ya kushusha chumba mpaka 24, nenda 4.8 bila wasiwasi. 5.0 achana nayo kwa hiyo 212 EVO. Mimi mstari wangu ni nyuzi 85 kwenye mzigo mzito kuliko wote utakaoupa, siku ya joto kuliko zote, siyo usiku wa mvua. Walioko Mbeya au Nairobi msichekelee sana, mna baridi sawa ila kule juu hewa ni nyepesi, kwenye mita 1,700 imepungua zaidi ya asilimia 15 ukilinganisha na pwani, na feni inasukuma hewa pungufu ya ile ya Dar. Mnabaki na faida, lakini siyo yote mnayoidhania.

Kuna kitu kingine kuhusu hii 7700K hasa. Kati ya kichipu chenyewe na kile kifuniko cha chuma cha juu, Intel waliweka pesti ya kupitisha joto badala ya kuchomelea, kuchomelea wamekuja kurudia na 9900K mwaka 2018. Matokeo yake joto linakwama ndani kabla halijafika kwenye hitisinki. Ndo maana utaona unafungua Chrome tu joto linaruka kutoka 45 mpaka 68 kwa sekunde moja linashuka, na feni inapiga kelele kama bodaboda inapanda mlima. 2017 watu walilalamika sana hilo, Intel wakajibu kwamba ni kawaida na kwamba hawashauri kuipeleka nje ya spidi na volteji zake, prosesa wanayoiuza wenyewe kama ya kupandisha! Nilicheka. Wewe ukiona hiyo miruko usishtuke, ingia kwenye BIOS (ile menyu ya bodi unayoifungua mashine inapowaka) sehemu ya feni uweke ichelewe kuitikia sekunde chache, kelele zinaisha. Kuna wanaokifungua hicho kifuniko wanaweka metali ya maji, joto linashuka vizuri kweli, lakini hiyo metali inapitisha umeme na inakula alumini, tone moja likidondoka kwenye bodi umezika mashine. Kwa mtu anayeitegemea kwa kula, sikushauri.

Kabla hujagusa BIOS fungua kasha kwanza. Mashine za mtumba zinakuja na vumbi la miaka, na hapa kwetu pwani vumbi linachanganyika na unyevu linakua kama ugoro uliolowa, linaganda kwenye mapezi ya hitisinki hewa haipiti. Toa hitisinki, safisha kwa brashi na bloa, ila feni uzishike kwa kidole zisizunguke wakati unapuliza maana zinaharibika beringi. Pesti ya zamani ifute kwa spiriti mpaka chuma king'ae. Pesti mpya nunua ya jina unalolijua na kwa mtu unayemwamini, zile sindano za buku zenye pesti nyeupe kama lotion ni za kukutia hasara. Na dawa ya meno hapana jamani, ndio inafanya kazi, siku mbili tatu, ikikauka unarudi palepale au pabaya zaidi. 212 EVO mabomba yake manne yanagusa prosesa moja kwa moja na katikati yake kuna vijifereji, kwaiyo usiweke tone moja katikati, paka mistari myembamba kufuata mabomba alafu ibane. Kubana nako ni kwa zamu, skrubu hii kidogo, ya pembe ya pili kidogo, unarudi, mpaka zote zifike mwisho. Ukimaliza moja kwanza hitisinki inakaa upande na kori mbili zitasoma joto zaidi ya wenzake.

Alafu fanya kipimo kidogo nakipenda sana. Endesha mzigo kasha likiwa limefungwa, andika joto, fungua ubavu wa kasha rudia. Likishuka zaidi ya nyuzi 5 ujue hitisinki haina kosa, kasha ndo halipumui, ongeza feni ya mbele ya kuingiza na ya nyuma ya kutoa. Ni feni mbili za bei ndogo zinazofanya kazi kuliko kubadilisha hitisinki nzima. Najua wengi mnafungua ubavu mnaweka feni ya mezani. Inasaidia, sitakudanganya, lakini baada ya miezi mitatu utanitafuta kwa habari ya vumbi.

Twende sasa kwenye kazi. Weka HWiNFO ya kusoma joto na volteji, na Cinebench R23 ya kuipa prosesa mzigo. R23 ukiiacha ilivyo inapiga dakika 10 mfululizo, inatosha kabisa kupasha chuma. Kabla ya yote kopi kazi za wateja zote kwenye diski ya nje na uichomoe. Sitanii. Ovakloki isiyotulia haizimi mashine tu, inaweza kukuandikia faili bovu kimyakimya, na harusi ya watu hairudiwi. Na usifanye majaribio wiki ambayo una kazi ya kukabidhi.

Piga Cinebench mashine ikiwa ya kiwandani, andika alama, joto la juu kabisa la kila kori, joto la chumba, na Vcore. Angalia Vcore, siyo VID. VID ni volteji ambayo prosesa inaomba, Vcore ndo volteji ambayo bodi inaipa, na hivi viwili mara nyingi havifanani. Kama hapo tu kabla hujagusa kitu tayari unavuka 80, simama, kuna kitu hakijakaa sawa kwenye hitisinki au kasha.

Ingia BIOS, rudisha kila kitu kwenye mwanzo, zima ile Multi-Core Enhancement (inayozipeleka kori zote kwenye spidi ya kori moja) au jina lolote bodi yako inaloliita, na XMP ya RAM (mpangilio wa kuipa RAM spidi yake kamili) iache imezimwa kwa sasa ili tusipambane na maadui wawili kwa wakati mmoja. Sasa nakuja kwa yule fundi wa kubonyeza. Ukichagua ile ovakloki ya bodi yenyewe ya 5 GHz, au ukipandisha resho ukaacha Vcore kwenye Auto, bodi haijui prosesa yako ni nzuri au mbovu, kwaiyo ili kusiwe na lawama inamwaga volteji ya kutosha hata ile mbovu kuliko zote. Nimekutana na mashine ipo 1.42 wakati prosesa yenyewe ilikua inatosheka na 1.29. Mwenyewe anajisifu ana 5 GHz na anashangaa kwanini kila siku feni zinapiga mayowe. Volteji ya Auto kwenye ovakloki ni sawa na kumpa konda hela nzima na kumwambia chukua nauli unayoona inafaa.

Weka wewe mwenyewe. Resho ya kori zote 46, Vcore mode ya manual, 1.22. Resho ya kashe (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) iache kwenye 42 ilivyo, kuipandisha haina faida utakayoiona. Kisha kuna kitu kinaitwa Load-Line Calibration, hiki kinawachanganya wengi. Ni kama presha ya maji mtaani, mabomba yakifungwa yote presha ipo juu, wakifungua nyumba zote inashuka. Vivyo hivyo ukiweka 1.22, prosesa ikipata mzigo volteji inaporomoka labda 1.17, LLC ni pampu ya kusaidia presha isishuke. Weka ya katikati. Usiweke ya juu kabisa, maana mzigo ukiachiwa ghafla volteji inaruka juu kuliko uliyoweka, kwa kasi ambayo HWiNFO wala haiioni. Na uangalie maandishi ya bodi yako vizuri, kwenye ASUS namba ikiwa kubwa ndo kali zaidi, kwenye ASRock ni kinyume chake, Level 1 ndo kali kuliko zote. Watu wameshachoma bodi kwa kufuata maelekezo ya bodi ya mwenzao.

Hifadhi, washa, piga Cinebench dakika 10. Ikimaliza bila kukreshi rudi weka 47. Ikikreshi au Windows ikikupa skrini ya bluu, soma neno lililoandikwa. CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT au WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR kwenye hali hii karibu kila mara ni njaa ya volteji, ongeza 0.01 rudia. Ukifika 47 ikatulia, fanya kinyume, punguza 0.01 0.01 mpaka ikreshi, alafu panda juu ya hapo 0.02 au 0.03 uache. Hiyo nyongeza ndogo ni ya siku ya joto na ya uzee. Ukiona 47 inataka zaidi ya 1.30, prosesa yako ni ya mkosi, bakia na 46 na usiumie roho, hii kitu ni bahati nasibu tangu kiwandani. Ukuta wangu kwa feni ni 1.35, na kwa Dar bila AC joto litakusimamisha kabla hujaufikia.

Mashine ikigoma kabisa kuwaka usipige kelele, hujaua kitu. Zima, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya mviringo ya CR2032 kwenye bodi dakika tano au gusanisha pini za Clear CMOS, irudishe, BIOS inarudi ya mwanzo.

Kupita Cinebench siyo kutulia. Hapa watu wengi wanaishia, kesho mashine inazima katikati ya kurenda wanasema ovakloki mbaya. Angalia chini kabisa ya HWiNFO kuna sehemu ya Windows Hardware Errors, kila baada ya kazi pitia. Inatakiwa isome sifuri. 7700K ikiwa na njaa kidogo ya volteji inajisahihisha makosa bila kukreshi, wewe unaona ipo fresh kumbe humo ndani inakosea inafuta. Ikisoma hata moja ongeza 0.01. Alafu ipe mzigo wako halisi, chukua harusi ya zamani yenye saa mbili uirende yote, mara tatu, mchana wa jua. Prime95, programu nyingine ya kuipa prosesa mzigo, wengine wataichukulia kama msahafu. Kwenye Small FFTs, kipimo chake kikali, ikiwa na AVX (maagizo mazito ya hesabu ya prosesa) inatoa joto ambalo kazi yako ya video haitalifikia kamwe, kwa hewa utaona 95 na utaogopa bure. Ukitaka kuitumia tiki ile sehemu ya kuzima AVX. Ila kurenda H.264 kwa prosesa kunatumia AVX kwa kiasi, kwaiyo kama Cinebench inapita na kurenda kunakreshi, weka AVX offset 1 au 2, yani ikikutana na kazi hizo inashuka yenyewe 4.6 au 4.5, ikitoka inarudi 4.7.

Baada ya hapo ndo ubadilishe Vcore kutoka manual kwenda adaptive, ili mashine ikiwa imekaa tu volteji ishuke, haina maana kuipa 1.24 usiku kucha wakati inasubiri wewe uamke. Kisha washa XMP. Ukishaiwasha rudi uangalie VCCIO na System Agent (volteji za sehemu ya prosesa inayowasiliana na RAM), bodi nyingi zinazipandisha kwa Auto kupita kiasi, ukikuta zimevuka 1.2 zishushe wewe kwa mkono, RAM za kawaida zinatosheka na 1.1 na kitu. Rudia vipimo.

Sasa kuungua. Nilisema haiungui, lakini inazeeka. Umeme unaopita kwenye vinjia vidogo vile unahamisha chembe za chuma kidogokidogo, na joto pamoja na volteji ndo vinaharakisha. Mimi mwenyewe yalinikuta na i5-2500K, niliiacha kwenye Auto ipo 4.6 na volti 1.44, nilikua kijana najiona mjanja. Mwaka na nusu baadaye ikaanza kukreshi kwa mipangilio ileile, nikaongeza volteji ikatulia, miezi minne ikaanza tena. Mwisho ikabaki inashika 4.2 tu. Haikufa, ilichoka. Na usidhani ni mambo ya wapandishaji peke yao, mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri prosesa zao za kizazi cha 13 na 14 zilikua zinaharibika kwa sababu ya volteji iliyozidi, watu hawajagusa chochote, ikabidi watoe marekebisho mwezi wa nane ya kuizuia isiombe zaidi ya 1.55 na waongeze miaka miwili ya waranti. Zilizokwisha kuharibika hayakuziponyesha. Ndo maana nakukazania kwenye volteji kuliko kwenye GHz.

Pembeni ya prosesa kuna vile vipande vinavyoilisha umeme, VRM. Hitisinki ya mnara kama yako inapuliza kwenda nyuma, haivipulizii vyenyewe. Kwa 4.7 bodi ya Z270 ya kawaida haitapata shida, ila viguse kwa kidole karibu na hitisinki zake ndogo baada ya nusu saa ya mzigo, kama huwezi kushikilia sekunde mbili ongeza feni ya nyuma. Na umeme wetu unaujua. Tafuta UPS hata ndogo. Ukitaka kuapudeti BIOS bila UPS afadhali usiapudeti kabisa, umeme ukikata katikati ya kuandika unabaki na bodi pambo. Kuhusu Luku usiogope, nyongeza ni kama wati 20 kwenye mzigo, ukirenda saa 6 kila siku mwezi mzima ni uniti 3.6 tu.

Kuhusu kumaliza mapema. Kazi ya saa moja kwa 4.4 itakua dakika 56 kwa 4.7, na hata ungefika 5.0 ungepata dakika 53 kasoro. Ndio hiyo. Sikuvunji moyo ila kama shida yako ni muda wa kurenda kuna kitu umekilalia. Ndani ya 7700K kuna HD Graphics 630 yenye Quick Sync, kifaa maalum cha kutengeneza H.264 na H.265. Ukiwa na kadi ya grafiksi bodi nyingi zinaizima, ingia BIOS iwashe, kwenye ASUS ipo kama iGPU Multi-Monitor, weka draiva ya Intel, alafu kwenye Premiere wakati wa kurenda chagua Hardware Encoding badala ya Software. Hapo hatuongelei dakika nne, kuna kazi zinakatika nusu. Kama kamera yako inatoa H.265 na taimulaini inakwama, tengeneza proksi (nakala nyepesi za video za kueditia), na ukipata hela ya kwanza ongeza RAM ifike 32 kabla ya kununua hitisinki kubwa zaidi. Kwa klipu za mtandaoni ubora wa Quick Sync unatosha, kwa ile faili ya bwana na bibi harusi kuweka kumbukumbu ongeza bitireti kidogo au irende kwa prosesa usiku umelala.

Anza na kusafisha na pesti wiki hii, nipe namba tatu, joto la chumba, joto la juu la Cinebench na Vcore, zote zikiwa za kiwandani. Kama kori moja itapishana na wenzake zaidi ya nyuzi 10 toa hitisinki uangalie alama ya pesti kwenye kifuniko kabla hujaifuta, piga picha nitumie, hiyo 212 EVO kile kibano chake cha msalaba kinapenda kuteleza na mara nyingi jibu lipo hapo.